Mgonjwa Aliyerudi Ameshiba

"Glavu, Afande," Koplo alisema, akaliweka boksi juu ya meza ya Inspekta kwa adabu ambayo siku nyingine hakuwa nayo. "Chini ya kitanda. Mwanamke anavaa glavu kumpa mumewe dawa. Tuseme nini zaidi?"

Inspekta alilichukua boksi, akalitikisa, akachungulia ndani. Zilikuwa glavu nyembamba za mpira, zile zinazouzwa duka lolote la dawa, na zaidi ya nusu zilikuwa zimeshatumika.

"Endelea," alisema.

Koplo aliendelea kupanga. Kopo la bati lenye kufuli, na ndani yake chupa ya dawa ya saratani. Kikombe cha plastiki cha buluu ambacho, kwa maelezo ya jirani, mke wa mgonjwa alikuwa akikiosha peke yake, mbali na vyombo vya watu wengine. Alivipanga mstari mmoja na kurudi nyuma hatua, akasubiri sifa. Koplo alikuwa amekitamani kiti cha Inspekta kwa muda mrefu, na siku kilipopewa mwanamke aliyemzidi umri kidogo tu, alikwenda nyumbani akaumwa tumbo. Tangu hapo alikuwa akizitafuta kesi kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana na wakubwa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa alikuwa fundi wa kushona na kupamba makochi, mtu wa utani na mikono laini, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Kochi. Aliugua saratani ya damu. Hakulazwa, alipewa dawa ya kumeza nyumbani, asubuhi na jioni, akaendelea na kazi yake. Juzi asubuhi, muda mfupi baada ya kumeza, alianguka mlangoni mwa bafu. Moyo ulikuwa umepoteza mwendo. Kabla hajapata hata kitanda hospitali, dada yake mkubwa alikuwa ameshafika kituoni akipiga meza kwa kiganja.

"Mkewe anamuua taratibu," alisema dada mtu. "Anamshindisha njaa. Anavaa glavu. Dawa anaifungia kwa kufuli. Nyie mnataka awaandikie barua?"

Mke wa Fundi alikamatwa siku ileile. Mkuu wa kituo alitaka faili lifike kwa mwendesha mashtaka kabla ya jioni ya leo. Na leo hiyohiyo daktari alikuwa tayari kumruhusu mgonjwa atoke, na aliyejitolea kumpokea, kumlisha na kumpa dawa, alikuwa dada yake.

"Alimzidishia," Koplo alisema. "Daktari mwenyewe anasema moyo umefanya kama wa mtu aliyemeza kupita kiasi."

"Vidonge umevihesabu?"

"Nimehesabu, Afande. Mbele ya mfamasia."

"Vimepungua?"

Koplo aliangalia dari. "Vimekaa sawa."

"Kwa hiyo alimzidishia vidonge ambavyo bado vimo kwenye chupa."

Inspekta alisimama, akalitia boksi la glavu kwenye mfuko.

"Twende kwa huyo mfamasia," alisema.

*

Chumba cha mfamasia kilikuwa mwisho wa korido ya kliniki, chembamba, rafu zimepanda hadi juu, na dirisha dogo la kupitishia dawa. Mfamasia alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyesema maneno yaleyale kwa watu wengi na bado anataka yasikike. Alilitazama boksi la glavu, kisha Koplo, kisha akacheka kwa kupumua puani.

"Hizi nilimwambia mimi anunue."

"Uvae glavu kumpa mtu dawa?" Koplo aliuliza.

"Ndugu yangu, hii si dawa ya kichwa. Imetengenezwa kuua chembe za saratani, na ikiingia kwa mtu mzima asiyeugua, haimuulizi jina. Mgonjwa mwenyewe akishika, sawa, yake imeshamwingia. Lakini anayempa asishike kwa mkono mtupu, na akimaliza anawe. Mwenye mimba ndiyo kabisa, asiisogelee."

"Na kufuli?"

"Nyumbani kwao wanafika watoto wa ndugu. Mtoto akiona kidonge cha rangi anadhani pipi. Nikamwambia ifungiwe, ikae kwenye chupa yake yenyewe, isichanganywe na dawa nyingine, isipasuliwe, isisagwe, isitiwe kwenye uji. Kikombe cha kumezea kiwe chake peke yake." Alikunjua vidole. "Akisahau kumeza, asirudishie kwa kumeza mara mbili. Asile mitishamba bila kutuuliza. Yule mama alishika yote. Nikimuuliza, ananijibu bila kubabaika. Ningekuwa na kumi kama yeye, ningelala mapema."

Koplo alianza kufuta kitu katika kijitabu chake. Inspekta alimwona, akajifanya hakumwona.

"Tuseme vidonge ni sawa, na chupa ni sawa," Inspekta alisema. "Moyo umepataje dawa nyingi?"

Mfamasia aliacha kutabasamu. Alivuta kiti, akakaa.

"Hii dawa humezwa tumbo likiwa tupu. Saa mbili kabla hujaimeza hujala, na saa moja baada ya kuimeza huli. Maji tu. Tumbo likiwa na chakula, hasa chakula cha mafuta, dawa inaingia kwenye damu kwa wingi mno. Vidonge ni vilevile, lakini mwili umepokea zaidi. Na kinachoumia kwanza ni mwendo wa moyo. Balungi nalo ni vivyo hivyo, hata maji yake. Nimempigia marufuku."

"Kwa hiyo alikula."

"Alikula. Tena si siku moja. Mtu haanguki siku ya kwanza hivihivi."

"Lakini mama," Koplo alisema, "kesi yenyewe ni kwamba mkewe alimnyima chakula."

"Basi yupo ambaye hakumnyima," mfamasia alisema.

Kabla hawajatoka, Inspekta aliuliza swali moja zaidi, mkono ukiwa kwenye kitasa. Siku masharti haya yalipotolewa, nani alikuwa chumbani?

"Mgonjwa na mkewe. Kiti ni kimoja, unaona. Alikuja na dada mtu pia, walivutana kidogo hapo mlangoni nani aingie. Mke akasema, mimi ndiye mkewe. Nikamwacha aingie."

*

Mke wa Fundi aliletwa kutoka mahabusu akiwa amefunga kitambaa chake vizuri kichwani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho makavu. Alikaa, akaviweka viganja vyake mezani, akakitazama kikombe cha buluu kilichokuwa upande wa Koplo.

"Hicho msikiweke karibu na chai yenu," alisema.

Koplo aliisogeza chai yake upesi.

"Maelezo yako ya kwanza," Inspekta alisema, akifungua faili. "Umesema mumeo asubuhi hatoki. Anaamka, anasubiri, unampa dawa, mnasubiri tena, ndipo unampa chakula."

"Ndivyo."

"Jirani yako anasema kila asubuhi mlango wenu unafunguliwa kabla jua halijachomoza vizuri, na Fundi anatoka."

Mke wa Fundi alikaza fundo la kitambaa chake.

"Na jirani huyohuyo," Koplo aliingilia, "alikusikia wiki iliyopita ukimwambia mumeo, utaniua au nitakuua, mojawapo."

"Kila mke ameshasema hivyo."

"Si kila mume ameanguka bafuni."

Mke wa Fundi alikunja viganja vyake. Inspekta alimwashiria Koplo anyamaze, kisha akaongea kwa sauti ya chini, kama wanaongea wawili tu.

"Sikiliza, mama. Nimetoka kwa mfamasia. Glavu nimeelewa. Kufuli nimeelewa. Umemtunza mumeo kuliko wengi. Lakini umesema uongo mmoja, na uongo huo ndio utakaokufunga. Alikuwa anakwenda wapi?"

"Nikikwambia nitapata nini?"

"Utalala kwako."

Yule mwanamke alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha.

"Kwangu," alisema. "Ningejua ni kwangu ningesema tangu juzi. Alikuwa anakwenda kwa mwanamke."

Koplo alikaa wima.

"Alianza kwa kusema ananyoosha miguu, daktari kasema kutembea ni kuzuri. Nikasema sawa. Lakini mimi najua mtu mwenye njaa. Nimeishi naye njaa na shibe. Fundi akiwa na njaa haongei, anakuwa mkali kama sindano zake. Sasa akawa anarudi asubuhi anapiga mluzi. Nampa dawa, anameza, anapiga mluzi. Nampa chakula baada ya muda wake, anachukua vijiko viwili, anasema ameshiba, dawa imemkata hamu. Nikanusa shati lake. Lilikuwa na harufu ya jiko la watu. Siagi, Afande. Mimi siagi sijaikaanga tangu alipougua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme ili wifi yangu acheke?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Huyo tangu siku ya harusi anasubiri aniambie, si nilikwambia humwezi mdogo wangu, nimemlea mimi, namjua mimi. Nikisema mume wangu mgonjwa, nywele zimepukutika, bado kanitoroka kwa mwanamke anayemkaangia, si ndiyo nimemalizwa? Bora waseme nimemtilia sumu. Muuaji anaogopwa. Aliyeachwa anachekwa."

Wivu mwingine humfanya mtu apige kelele, mwingine humfanya akubali kwenda jela akiwa amefunga kitambaa chake vizuri kichwani. Inspekta aliandika mstari mmoja.

"Masharti ya chakula," aliuliza. "Wifi yako ulimweleza?"

"Kwa nini nimweleze? Aliyeambiwa ni mimi."

"Alikuwa akiona glavu. Akiona humlishi. Hakuuliza?"

"Aliuliza. Nikamwambia hayo ni mambo yangu na mume wangu na daktari." Kisha akaongeza, kana kwamba jambo hilo lina haki yake ya kusemwa: "Yeye ana utoto wake wote. Ana chupa alizomnyonyeshea, ana nepi, ana mama yao alivyokufa. Mimi nilikuwa na hilo tu."

*

Karakana ya Fundi Kochi ilikuwa chumba kimoja kirefu kilichojaa mifupa ya mbao. Kochi la watu watatu lilisimama katikati bila ngozi, sponji zikiwa zimefungwa kwa kamba, na juu ya meza ya cherehani kulikuwa na vipande vya kitambaa vilivyokatwa na kusubiri. Koplo ndiye aliyekiona kwanza, na alikishika kwa ncha ya vidole viwili: kitambaa cha kichwa cha kike, cha maua ya kahawia, kimetundikwa msumarini nyuma ya mlango.

"Hawara," alisema, na neno lilimtoka na utamu. "Penye moshi hapakosi moto. Mume ana hawara, mke kagundua, mke kamuua. Afande, faili linajifunga lenyewe."

"Mwenyewe anajifutia mikono akipika," Inspekta alisema. "Nusa."

Koplo alinusa. Kilikuwa na mafuta.

Inspekta hakuwa na haraka. Alitembea kando ya ukuta akitazama chini. Sakafu ya karakana ilikuwa imejaa nyuzi na vumbi la mbao, isipokuwa pembe moja ya nyuma, iliyokuwa imefagiwa. Hapo palikuwa na kigoda, jagi la maji ya kunawa, beseni na jiko dogo la mafuta ya taa. Kwenye kasha la nyuzi kulikuwa na kijiko kimoja. Kwenye ndoo ya takataka, chini ya vipande vya sponji, kulikuwa na maganda ya mayai, na maganda ya tunda la manjano, manene, yaliyokamuliwa hadi yakabaki ngozi.

"Chungwa," Koplo alisema.

Inspekta alibandua kipande, akakigusisha ulimi, akakunja uso. "Balungi."

"Sawa, balungi. Hawara anampenda, anamkamulia tunda."

"Kigoda ni kimoja. Kijiko ni kimoja. Umewahi kuona hawara anayesimama wakati mwanamume anakula?"

Koplo alifikiri. Alikuwa na mke, na inaelekea alifikiri kwa kutumia mifano ya nyumbani. "Labda mama," alisema polepole. "Mama ndiye anayesimama akuangalie mpaka umalize."

"Mama yao amekufa," Inspekta alisema.

Kulikuwa na mlango mdogo wa nyuma, komeo lake limelainishwa kwa grisi. Inspekta aliusukuma. Ulifunguka kwenye ua wa nyumba ya pili, na ng'ambo ya ua, hatua chache tu, ulikuwapo mlango wa jiko. Kwenye kamba ya kuanikia nguo vilining'inia vitambaa vitatu vya kichwa, vyote vya maua ya kahawia. Koplo hakuhitaji kuambiwa nyumba ni ya nani. Yeye ndiye aliyemrudisha dada mtu hapo kwa gari la polisi siku aliyotoa malalamiko.

"Huyu ndiye mlalamikaji wetu," alisema, na uso wake ulikuwa umeanguka.

"Saa ngapi daktari anamruhusu mgonjwa?"

"Mchana huu."

"Na nani anakwenda kumpa dawa ya jioni?"

Koplo alikuwa ameshatoa funguo za gari mfukoni.

*

Fundi Kochi alikuwa amekaa kitandani amevaa shati lake la kutokea, viatu vimeshafungwa. Kwenye meza ya kando kulikuwa na hotipoti kubwa yenye mfuniko. Dada yake mkubwa alikuwa akimfunga kifungo cha shingo, mwanamke mpana, mwenye mikono ya kufanya kazi, na alipomwona Inspekta hakuacha kufunga.

"Mmemshitaki?" aliuliza.

"Naomba dakika moja na ndugu yako."

"Ongea naye hapahapa. Mimi na yeye hatuna siri."

"Dada," Fundi alisema, kwa sauti ndogo. "Toka kidogo."

Alitoka shingo upande, akauacha mlango wazi kidogo. Koplo aliufunga.

"Ulikula nini juzi asubuhi kabla ya dawa?" Inspekta aliuliza.

"Sijala."

"Mayai ya siagi, na maji ya balungi. Nimeona maganda."

Fundi aliyatazama magoti yake. Alikuwa mtu aliyezoea kufunika vitu vibovu kwa kitambaa kizuri, na alipokosa kitambaa hakujua la kufanya na mikono.

"Mfamasia alikukataza ukisikia kwa masikio yako."

"Nilisikia. Nilidhani ni yale masharti ya kila dawa, usile usije ukatapika. Sikutapika. Ungefanyaje wewe? Nikimkatalia dada, analia, anasema mke wangu kanifundisha kumkana. Nikimwambia mke wangu nimekula kwa dada, ananifungia mlango wa chumba. Nikaona nile kule, nimeze huku. Kila mtu afurahi."

"Mkeo analala mahabusu tangu juzi."

"Najua." Hakuinua uso. "Dada alisema ni siku moja tu, ya kumtia adabu."

Inspekta alikuwa ameshawahoji majambazi waliomtemea mate, na hakuna aliyemkera kama huyu. Alilisema hilo palepale, kwa maneno machache ambayo Koplo baadaye alikataa kuyarudia. Kisha akamwambia: "Nipe maelezo. Sema nani alikulisha."

"Sitaki kumtaja dada yangu polisi."

"Mkeo ulikubali atajwe."

"Sikumtaja mimi," Fundi alisema, na hapo akanyamaza kabisa. Alikuwa ameshapata njia ya kuwapendeza wote wawili, nayo ilikuwa kufunga mdomo.

Inspekta alitoka. Dada mtu alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mkoba wake mapajani, tayari kwa safari. Inspekta alikaa kando yake. Koplo alisimama na kijitabu.

"Kuanzia leo dawa nitampa mimi," dada mtu alisema kabla hajaulizwa. "Nimemwambia daktari. Ale kwanza, ashibe, ndipo ameze. Mtu hamezi dawa kali na tumbo tupu, hata mtoto anajua. Yule alikuwa anamkausha makusudi. Ukimwona asubuhi anavyotoka kwake, macho yamezama, roho inakuuma."

"Ndiyo maana ulikuwa unampikia."

Aligeuka. Kwa muda alionekana kama atakataa. Kisha fahari ikashinda.

"Nampikia. Tangu mwezi ule mkewe aliponifungia mlango wa mfamasia. Kila siku. Mimi ndiye niliyemweka hai yule, si vidonge vyake. Nimemlea akiwa hana meno, nitashindwa kumlea akiwa hana nywele?"

Inspekta alimweleza. Alimweleza kama mfamasia alivyosema, bila kuongeza na bila kulainisha: tumbo tupu, saa mbili kabla na moja baada ya hapo, mafuta, balungi, damu, moyo. Alimweleza glavu, na kufuli, na kikombe. Kila alilolieleza, yule mama alikuwa na jibu mdomoni, na kila jibu lilifia hapohapo. Alipofika kwenye siagi, dada mtu aliinua mkono wake wa kulia, akautazama, akaushusha mapajani chini ya mkoba.

"Kila siku," alisema.

"Kila siku."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe. Hukujua."

Muuguzi alipita na kigari cha dawa, magurudumu yakilia, na wote watatu walisubiri apite. Dada mtu alikuwa akilia bila sauti, machozi yakishuka hayafutwi.

"Na yeye alijua," alisema hatimaye. "Yale masharti. Alijua, na nilipomuuliza akanijibu ni mambo yake."

"Alikujibu hivyo. Amekubali mwenyewe."

"Basi alinionea wivu."

"Nyote wawili mlioneana wivu," Inspekta alisema, "na moyo uliopoteza mwendo ni wa Fundi."

Dada mtu alifuta uso kwa kitambaa cha maua ya kahawia. Aliutazama mlango wa chumba cha ndugu yake.

"Yeye amesemaje?"

"Amekataa kukutaja."

Uso wake uliangaza. Ulikuwa mwanga mdogo, wa aibu, na Inspekta aliuona ukija na akauogopa, kwa sababu ilikuwa dhahiri mwanamke huyu sasa anaweza kunyamaza pia, na kwa kimya cha ndugu wawili faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka kama Koplo alivyoliandika asubuhi.

"Nikisema, yule anatoka," dada mtu alisema.

"Anatoka leo."

"Anarudi kwake. Anavaa glavu zake, anashika kikombe chake."

"Ndiyo. Na ndugu yako anakwenda kwake, si kwako."

"Na wote watajua ni mimi. Mkewe atajua."

"Atakuwa wa kwanza."

"Nisiposema?"

"Hakuna atakayekushika ulimi. Mke atashitakiwa. Fundi utamchukua wewe, na masharti sasa unayajua, utayafuata. Atakuwa wako." Inspekta alisimama. "Ila kila asubuhi akiomba chakula mapema, itabidi umnyime, na kila ukimnyima utajua kwa nini mwenzako yuko ndani."

Dada mtu alikaa. Koplo aliegemea mguu mmoja, kisha mwingine. Kutoka chumbani walimsikia Fundi akikohoa, kikohozi cha mtu anayetaka kuulizwa kama hajambo, na yule mama alinyanyuka nusu kwa mazoea, kisha akarudi kukaa.

"Andika," alimwambia Koplo. "Nilimlisha mimi. Asubuhi, kabla ya dawa, kwenye karakana, kwa siri. Mke wake hakujua. Hana kosa."

Koplo aliandika. Mkono wake haukuwa na furaha, lakini uliandika vizuri. Alipomaliza alimsomea, naye akasikiliza kila neno, akachukua kalamu atie sahihi. Kalamu ilisimama juu ya karatasi.

"Kuna kitu umekiacha," alisema.

"Kipi, mama?"

"Andika alikuwa anamaliza. Chote. Sahani ilikuwa inarudi nyeupe. Kwa mkewe alikuwa anabakiza."

Koplo alimgeukia Inspekta. "Afande, hilo nalo linaingia?"

"Liingize," Inspekta alisema.